Nani Anamlipa Anayetuchagulia?

Desemba 1952 jarida dogo la Marekani, la ukubwa wa kuingia mfuko wa koti, lilitoa makala ya kurasa mbili tu juu ya sigara na saratani ya mapafu. Kichwa chake kwa Kiswahili kingekuwa "Saratani kwa Katoni". Jarida hilo ni Reader's Digest, na makala haikuwa ya kwao. Mwandishi wake, Roy Norr, alikuwa ameitoa kwanza kwenye Christian Herald, jarida la dini ambalo wavuta sigara wengi wa nchi ile hawakuwa wakilishika mkononi. Kazi ya Reader's Digest ilikuwa kuiona, kuichagua, kuipunguza maneno na kuifikisha majumbani kwa mamilioni ya watu.

Habari yenyewe haikuwa siri. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walishachapisha kwenye British Medical Journal utafiti wao wa wagonjwa wa hospitali za London, na mwaka huohuo Ernst Wynder na Evarts Graham wakatoa wa kwao Marekani. Lakini dereva wa lori wa Ohio hasomi British Medical Journal. Magazeti aliyoyasoma yeye yaliishi kwa matangazo, na kampuni za sigara zilikuwa kati ya watangazaji wakubwa kabisa. Reader's Digest ya Marekani wakati ule haikuwa na tangazo hata moja. Fedha zake zilitoka kwa wasomaji. Mwaka mmoja baadaye, tafiti zikiwa zimeongezeka na habari zimeenea kila kona, wakuu wa kampuni za sigara walikutana Plaza Hotel, New York, wakitafuta namna ya kujinusuru. Januari 1954 wakalipia taarifa ya pamoja ya kujitetea kwenye magazeti zaidi ya 400.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitazama kwa karibu biashara ya namna hii: mtu au kampuni isiyozalisha habari, inayopitia vilivyozalishwa na wengine, ikatoa vinavyofaa, ikavipanga, ikaviuza kama huduma. Leo imejaa kila mahali. Kijarida kinachoingia kwenye barua pepe asubuhi, orodha ya nyimbo kwenye simu, kundi la WhatsApp la nafasi za kazi, kipindi cha redio cha kusoma magazeti, vyote ni biashara hiyohiyo ya kumchagulia mtu. Wanaoizungumzia hupenda kuuliza inatumia programu gani na ina wafuatiliaji wangapi. Mimi naanza na swali la nani analipa. Nikishalijua jibu, karibu kila mara naweza kukisia nitaonyeshwa nini na, lililo muhimu zaidi, nini hakitanifikia kamwe.

Nitakaa kidogo kwa Reader's Digest, kwa kuwa karibu kila linalotokea leo kwenye mitandao lilishawatokea wao kwenye karatasi.

DeWitt Wallace, mwanzilishi wa jarida hilo, alijeruhiwa Ufaransa mwaka 1918, kwenye vita vya kwanza vya dunia. Akiwa kitandani hospitalini alisoma magazeti yote aliyoyapata, akajizoeza kuchukua makala ndefu na kuikata hadi ibaki nyama tupu. Aliporudi Marekani aliendelea na kazi hiyo maktaba, kisha Januari 1920 akatengeneza nakala ya mfano na kuipeleka kwa wachapishaji. Wakaikataa. Waliona hakuna biashara ya kuuza maneno ambayo tayari yameshauzwa mahali pengine. Basi yeye na mchumba wake Lila Acheson wakaamua kuuza wenyewe kwa posta: waliandika barua kwa walimu, wauguzi na watu wa vyama mbalimbali wakiwaomba walipie usajili kabla ya jarida kuwepo. Walioana Oktoba 1921, na waliporudi kutoka fungate walikuta majibu yapatayo 1,500 yenye fedha ndani. Toleo la kwanza lilitoka Februari 1922, nakala 5,000, likiwa na makala 31, moja kwa kila siku ya mwezi.

Tazama mpangilio ule wa makala 31. Wallace hakumwahidi msomaji kila kitu. Alimwahidi kiasi anachoweza kukimaliza. Wafanyabiashara wengi wa mtandaoni leo hawataki hilo kabisa, kwa sababu ukurasa usiokwisha ndio unaowaingizia fedha. Msomaji aliyelipa mapema hana haja ya kushikiliwa. Akimaliza, akafunga, akaenda shambani, ameridhika na atalipa tena mwakani.

Mwanzoni makala zile Wallace alizipata bure. Alikuwa akikaa kwenye maktaba ya umma ya New York akinakili kwa mkono, na wenye majarida walimruhusu wakiamini anawatangazia jina. Hali hiyo haikudumu. Jarida lilipokua, wenye mali waliamka: mbona huyu anatajirika kwa jasho letu, na msomaji wetu akishapata ufupisho kwake hana sababu ya kutununua sisi? Wallace akaanza kulipia haki, na kwenye miaka ya 1930 akawa anafunga mikataba na majarida makubwa moja baada ya jingine. Kwa muda mrefu alificha hata idadi ya nakala anazouza. Jarida la Fortune lilipomchimba mwaka 1936, ilibainika kuwa zimefika takriban milioni 1.8, na wengi walipigwa na butwaa.

Kisha likaja tatizo ambalo kila mchaguaji mkubwa hukutana nalo: vyanzo havitoshi. Makala nzuri za aina aliyoitaka zilikuwa chache kuliko kurasa zake. Akaanza kuagiza makala mwenyewe, akawalipa waandishi, kisha akawa anayapa majarida mengine wazichapishe kwanza ili yeye aje "kuzichagua" kutoka kwao. Kwa majarida madogo ilikuwa neema, kwani yalipata makala ya kisasa bila gharama. Lakini mwaka 1944 The New Yorker walikataa kuongeza mkataba wao na wakasema hadharani kwa nini: jarida linalodai kuchota kutoka kwa wengine limeanza kuwapandia wengine kile linachotaka kuchota, na kwa njia hiyo mtu mmoja anapata kuamua nchi nzima isome nini huku akionekana kama mkusanyaji tu. Naona walikuwa na haki. Wallace alikuwa na misimamo yake, mhafidhina aliyeuchukia ukomunisti kupita kiasi, na misimamo hiyo ilipenya kwenye uchaguzi wa makala bila msomaji kuambiwa. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: msomaji akilipa, mwenye jarida habadiliki kuwa malaika. Anapungukiwa bwana mmoja tu wa kumwogopa.

Kupungukiwa huko kuna uzito, na sigara zinatuonyesha kwa pande zote mbili. Julai 1942 Reader's Digest walitoa matokeo ya vipimo vya maabara vya sigara mbalimbali. Ujumbe wa makala ulikuwa kwamba tofauti kati ya sigara moja na nyingine ni ndogo mno kiasi cha kutokuwa na maana, na kwamba hakuna iliyo nafuu kwa afya. Ila kwenye orodha lazima iwepo iliyo chini kabisa kwa nikotini, na hiyo ilikuwa Old Gold. Kampuni ya Lorillard, yenye sigara hiyo, ikachukua kipande hicho kimoja, ikaacha makala yote iliyobaki, na kutangaza nchi nzima kwamba Reader's Digest wamethibitisha Old Gold ndiyo bora. Tume ya Biashara ya Marekani iliwazuia, wakakata rufaa, na mwaka 1950 mahakama ya rufaa ikawakatalia. Hakuna neno la uongo walilolitunga. Walichagua tu. Mtu akiniambia kwamba kuchagua maudhui ni kazi isiyo na hatari kwa sababu "hatuandiki sisi, tunakusanya," humkumbusha kesi hii.

Mwaka 1955 gharama ziliwazidi. Bei ilikuwa bado senti 25, ileile ya mwaka 1922. Wakawauliza wasomaji: tupandishe bei au tuingize matangazo? Wengi mno wakasema ingizeni matangazo. Wakaingiza, lakini wakakataa ya sigara na ya pombe. Hata hivyo mkono wa watangazaji uliwafikia kwa njia nyingine. Mwaka 1957, baada ya makala nyingine kuhusu sigara zenye kichujio, wakala wa matangazo aliyekuwa akilitangaza jarida lenyewe, BBDO, aliwaacha, kwa kuwa alikuwa pia na mteja mkubwa zaidi, American Tobacco, ambaye hakupendezwa. Hivyo ndivyo fedha ya pembeni inavyofanya kazi. Ni nadra kwa mtu kuja mlangoni na kusema usichapishe. Mambo hupangwa mbali kidogo, ukabaki unaisikia baridi.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Kampuni iligundua kwamba mali yake kubwa ni daftari la majina na anwani za wasomaji. Kuanzia mwaka 1950 iliwauzia watu haohao vitabu vilivyofupishwa, baadaye santuri, baadaye bahati nasibu za kila namna, hadi jarida likawa kama mlango wa duka. Wasomaji wakazeeka. Mwaka 2007 ikanunuliwa kwa madeni makubwa, mwaka 2009 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mwaka 2013 ikaomba tena. Toleo la Uingereza, lililoanza mwaka 1938, lilifungwa mwaka 2024.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu ugomvi wa Wallace na wenye majarida tunao sisi hapa kila siku saa moja asubuhi. Mtanzania yeyote anayepanda daladala anaujua utaratibu: redio inasoma magazeti. Mtangazaji ana rundo mezani, anaanza na kurasa za mbele, anasoma vichwa vikubwa, anaingia ndani, anachekesha, anatoa maoni, anamalizia na michezo. Kwenye televisheni ni hivyohivyo, kamera ikiusogelea ukurasa hadi unaweza kusoma mwenyewe. Blogu na kurasa za mitandao zikaongeza picha za kurasa za mbele kila alfajiri. Watu wengi hawajanunua gazeti miaka nenda rudi, na bado wanajua kila gazeti limeandika nini.

Kipindi cha aina hii ni rahisi kukitengeneza kuliko chochote kingine redioni. Hakihitaji mwandishi aliyesafiri kwenda Kigoma, wala mpiga picha, wala wakili wa kuangalia kama habari italeta kesi. Gharama yote hiyo imeshalipwa na gazeti. Redio inaweka tangazo la sabuni mwanzoni na la kampuni ya simu mwishoni, na fedha hiyo haigawanywi na mwenye gazeti. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilielekeza vituo vya redio na televisheni viishie kwenye vichwa vya habari bila kusoma habari kwa undani, na hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba magazeti yanakosa wanunuzi. Wapo waliokasirika, na nawaelewa, kwani mwananchi asiye na shilingi elfu moja ya gazeti alikuwa anapata habari bure. Lakini binafsi nilijikuta upande wa magazeti. Nimewajua waandishi wa mikoani wanaolipwa kwa habari iliyotoka tu, kiasi kisichotosha nauli ya kuifuata habari yenyewe. Mchaguaji anapokula bila kurudisha chochote shambani, atakuja kukosa cha kuchagua. Ila sikupenda njia ya amri. Njia ya Wallace ilikuwa bora: kulipia.

Nchi nyingine zimejaribu amri pia. Hispania ilitunga sheria ya kuwataka wanaokusanya habari mtandaoni wawalipe wachapishaji hata kwa vipande vifupi. Google ikajibu kwa kuifunga Google News ya Hispania Desemba 2014, na haikurudi hadi mwaka 2022, sheria ilipobadilishwa. Kanada ilipopitisha sheria yake, Meta ikaziondoa habari kwenye Facebook na Instagram nchini humo kuanzia Agosti 2023. Mchaguaji akiwa mkubwa kuliko wote anaowachagua, akiondoka yeye wanaoumia ni wao. Wallace hakuwahi kuwa na nguvu za namna hiyo hata alipokuwa kileleni.

Naomba nimlete mtu mdogo kabisa katika biashara hii, shemeji yangu wa Mwanza, maana kwake mambo yanaonekana bila ukungu wa mamilioni. Anaishi kwa kuchagua zabuni. Alfajiri, kabla watoto hawajaamka, anafungua NeST, mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali, anafungua tovuti za mashirika, anapitia magazeti yenye matangazo ya zabuni, halafu anaandika ujumbe mmoja wa WhatsApp kwa wateja wake. Kila zabuni anaipa mistari mitano: taasisi gani, kazi gani, wapi, daraja gani la mkandarasi linahitajika, mwisho wa kuwasilisha lini. Wateja wake ni wakandarasi wa daraja la sita na la saba, wauza vifaa vya ofisini, na kina mama wawili wenye kampuni ya chakula. Wanamtumia elfu kumi kwa mwezi kwa simu.

NeST ilipoanza mwaka 2023 na zabuni za serikali zote zikahamia sehemu moja, nilimwonea huruma. Nilimpigia nikamwambia, "Shem, sasa si kila mtu ataziona mwenyewe?" Akacheka, akaniambia hakuna aliyejitoa. Zikiwekwa zote pamoja ndipo zinapomshinda mtu. Mkandarasi wa daraja la saba akifungua mfumo anakutana na barabara za mabilioni, mitambo ya maji, ununuzi wa dawa, na katikati ya hizo ipo moja ya kukarabati vyoo vya shule Misungwi inayomfaa yeye. Hana muda wa kuitafuta, yuko juu ya jengo. Analipa elfu kumi ili asizione zile nyingine.

Lakini kilichonifanya nimheshimu ni jambo jingine. Mteja wake mmoja, mtu wa siku nyingi, alimpigia usiku akamwomba zabuni fulani asiitume kwa wenzake. Atume kwake peke yake, naye atamlipa zaidi ya ada za mwaka mzima. Zabuni ilikuwa wazi kwa umma, kosa la kisheria labda lisingepatikana, na hakuna mtu kwenye lile kundi angegundua, kwa sababu kitu ambacho hukukiona huwezi kukiulizia. Shemeji alimjibu, "Kaka, hao wengine nao wamenilipa." Akaituma kwa wote kama kawaida. Yule bwana alinuna miezi kadhaa, kisha akarudi kulipa ada yake. Nadhani alitambua kwamba kama shemeji angekubali, siku nyingine angefichwa yeye.

Ndiyo maana nasema hatari ya biashara hii imelala kwenye kile kisichotumwa. Tangazo lililowekwa nalo ni tatizo, lakini linaonekana, unaweza kulibishia. Pengo halionekani. Na kadiri mchaguaji anavyoaminika, ndivyo pengo lake linavyokuwa na thamani kwa mtu wa kulinunua.

Kwenye muziki jambo hili lina historia ndefu. Marekani ilipata kashfa kubwa ya watangazaji wa redio waliopokea fedha kwa siri ili wapige nyimbo fulani, na mwaka 1960 sheria ikakataza malipo yasiyotangazwa. Wasanii wetu hawahitaji kuelezwa jambo hilo kwa mfano wa mbali. Leo orodha za nyimbo zinapangwa na mashine, na Spotify, kampuni ambayo mwaka 2015 iliwafurahisha watu wengi kwa orodha ya kila Jumatatu inayomlenga kila msikilizaji peke yake, ilianza mwaka 2020 kujaribu mpango ambao msanii anakubali kupokea malipo pungufu kwa baadhi ya usikilizwaji, na wimbo wake unapewa uzito zaidi kwenye mapendekezo. Hakuna bahasha inayopita chini ya meza, masharti yameandikwa. Lakini msikilizaji aliyelipia usajili wake anadhani anachaguliwa kwa ladha yake, kumbe kuna mtu mwingine aliyekubali kukatwa ili achaguliwe. Kwangu mimi hiyo ni kulipwa pande mbili, na msikilizaji alistahili kuoneshwa alama pembeni ya wimbo.

Kwenye maandishi picha ina nafuu kidogo. Maria Popova, mzaliwa wa Bulgaria anayeishi Marekani, alianza mwaka 2006 kuwatumia wafanyakazi wenzake saba barua pepe ya kila wiki yenye mambo machache yaliyomgusa. Ikawa tovuti inayosomwa duniani kote, ambayo sasa inaitwa The Marginalian, isiyo na matangazo, inayoishi kwa michango ya wasomaji. Mwaka 2013 alikosolewa vikali kwa sababu viungo vya vitabu alivyovitaja vilikuwa vinamletea kamisheni kutoka Amazon huku wasomaji wakiombwa wachangie kazi isiyo na matangazo. Wengine waliona ni uonevu. Mimi naona wakosoaji walikuwa na hoja ya haki: kamisheni ni mlipaji wa pili, na mlipaji wa pili lazima atajwe waziwazi pale juu, kabla mtu hajatoa mchango wake.

Kuna pia njia ya Morning Brew, kijarida cha biashara kilichoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2015. Msomaji halipi kitu, watangazaji ndio wanaolipa, na mwaka 2020 sehemu kubwa ya umiliki iliuzwa kwa kampuni ya Insider kwa thamani iliyotajwa kuwa takriban dola milioni 75. Wanafanya kazi nzuri, wanaandika kwa lugha nyepesi, na matangazo yao yamewekewa alama. Lakini ukisoma muda mrefu unaona wanachagua zaidi habari zinazompa msomaji hamu ya kununua kuliko zinazomtia wasiwasi. Sidhani kuna anayewaagiza. Uchaguzi unajikunja wenyewe kuelekea mahali fedha inapotoka.

Na Feedly, huduma ya kumkusanyia mtu blogu na tovuti anazozifuata. Google ilipoifunga Google Reader tarehe 1 Julai 2013, watu wengi waliokuwa wakikusanya blogu zao sehemu moja walihamia huko. Feedly wakaweka huduma ya bure na ya kulipia, kisha wakagundua kwamba fedha kubwa iko kwa makampuni: timu za usalama wa mitandao zinazotaka kujua kila asubuhi ni udhaifu gani mpya wa programu umetangazwa, na timu za kufuatilia washindani. Ni kazi ya shemeji yangu hasa, kwa kipimo kikubwa. Mteja anajua anachotafuta, anajua hasara ya kukikosa, na kwa hiyo analipa bila kusukumwa.

Hapo ndipo ninapopata matumaini kwa Kiswahili. Mambo yenye uzito kwetu yamejaa, tena ni ya umma, ila hayasomeki kwa wingi wake. Hansadi za Bunge la Tanzania ziko mtandaoni kwa Kiswahili, mjadala kwa mjadala, na ni wachache wanaozifungua. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, humfikia Rais kila mwaka ifikapo mwisho wa Machi, zikiwa na mamia ya kurasa. Magazeti huzipigia kelele wiki mbili, kisha halmashauri yako na shimo lake la fedha vinasahaulika. Kuna maamuzi ya Mahakama ya Rufani yanayogusa mirathi na ardhi, mambo ambayo familia nyingi zinagombania bila kujua mahakama ilishasema nini. Zipo pia makala ndefu nzuri za Kenya ambazo hazivuki Namanga, na za kwetu ambazo hazifiki Mombasa.

Nataka mtu aniletee hivyo kila Ijumaa, vichache, kwa Kiswahili safi, vikiwa na mwisho. Hesabu yake haitishi: watu 2,000 wakitoa shilingi 5,000 kwa mwezi ni milioni 10. Hiyo inalipa wahariri wawili wanaosoma kwa makini, inalipa haki ya makala zinazochukuliwa kutoka kwa wengine, na inabaki ya bando na umeme. Leseni ipo njiani, najua. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwanablogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 mwaka wa kwanza, na ingawa zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, mtu mmoja mwenye kompyuta bado anaogopa kuanza. Waanze watatu au wanne wagawane mzigo. Na masharti yangu kama mteja nayaweka mapema: orodha ya wanaowalipa iwepo chini ya kila toleo, mwandishi wa asili atajwe na alipwe, na kila robo mwaka wachapishe orodha ya walivyoviacha pamoja na sababu, ili tuone mapengo yao.

Reader's Digest ilianza kwa watu 1,500 waliotuma fedha kwa jarida ambalo halijachapishwa. Mtu akinitumia leo mpango wa namna hii wenye namba ya malipo, mimi natuma ya mwaka mzima.